Kumfundisha Meneja Choo

Jumanne, 4 Februari

Nimerudi nyumbani na paka. Sikupanga. Bosi mpya amesema stoo ya rangi si zizi, kamwagiza mlinzi atafute sumu. Sumu! Kwa Meneja! Paka aliyekulia juu ya ndoo zetu, mkia bado una doa la kijani. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi anapita kati ya rafu kama anakagua, halafu anakwenda kulala mpaka jioni. Nimemtia kwenye katoni la brashi, nikatoka naye mlango wa nyuma.

Njia nzima natunga maneno ya kumwambia Baba. Baba na wanyama! Tulipokuwa wadogo hata kuku alikuwa havuki kizingiti. Nimefungua mlango, nimesema yote kwa pumzi moja. Akanitazama, akalitazama katoni. Akasema sawa, akae.

Hivyo tu!

Akauliza kama atalala ndani. Nikasema ndani, nje pale barabara itamla. Akasema, basi atakuwa anachafua. Nikasema nitamfundisha, Baba, hatachafua. Akasema, atachafua tu, paka ni paka.

Wala hakukasirika. Mpaka sasa nashangaa.

Ijumaa, 7 Februari

Masomo yameanza. Beseni kuukuu, unga wa mbao kutoka kwa seremala wa kona. Akimaliza kula tu, nambeba mpaka kwenye beseni, nashika mguu wake wa mbele, tunachimba wote. Mimi na shahada yangu ya kuchanganya rangi! Lakini ana akili. Jana jioni kaenda mwenyewe, kachimba, kafukia, kaninusa mkono kama anadai cheti.

Leo nimerudi, dimbwi kwenye korido. Karibu na chumba cha Baba.

“Meneja wako huyo,” Baba kasema kutoka sebuleni. Hakugeuka.

Nimefuta kwa siki. Kazini wanasema mkojo wa paka unakata pua, utauza nyumba. Mimi sisikii kitu. Miaka ya kuvuta thina ya kuyeyushia rangi imeniua pua. Samaki, waridi, soksi, kwangu vyote hewa.

Jumapili, 16 Februari

Kaka kapiga simu, kama kila Jumapili. Maneno yale yale. Baba ahamie kwake, kuna chumba juu, mke wake yupo, na mimi niangalie maisha yangu. Nikamwambia Baba yuko salama, anakula, anasoma gazeti, anabishana na redio. Kaka akasema haya, lakini siku akianza kushindwa na mambo yake mwenyewe, sitauliza mtu, nitakuja na gari.

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba alikuwa pale pale anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

Baadaye nimekuta kiti cha Mama kimelowa. Kiti cha Mama! Hakuna anayekikalia tangu alipotutoka, isipokuwa Baba wakati wa taarifa ya habari. Nimemkamata Meneja kwa ngozi ya shingo, nimemsukumia pua pale kwenye kitambaa, nimempiga kwa ndala. Analia kama mtoto.

“Mwache,” Baba kasema. “Mnyama tu huyo.” Akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, 26 Februari

Kijana wa mauzo kanionyesha video. Paka amekaa juu ya choo cha kukaa, kama mtu, macho makavu mbele! Anamaliza, anashuka, anaondoka. Hakuna beseni wala unga. Unamfundisha pole pole. Unaweka ubao wenye tundu juu ya choo, ndani ya tundu bakuli lenye unga wa mbao, kila baada ya muda unapunguza unga, mwisho unaondoa bakuli.

Nimekwenda kwa seremala. Akapima, akauliza, mtoto ana umri gani? Nikasema ni wa paka. Akaweka msumeno chini, akacheka mpaka akashika ukuta.

Ubao umetoka mzuri ila mzito, kanitilia mbao nene. Anayetaka choo anaunyanyua na bakuli lake, anauegemeza ukutani, akimaliza anaurudisha. Nimemwonyesha Baba. Akaunyanyua, akaushusha. Vidole vyake vinatetemeka siku hizi. Akasema, haya.

Nikasema, Baba, ni kwa muda tu. Kaka akija akute nyumba safi.

Alhamisi, 6 Machi

Amekaa!!! Juu ya ubao, miguu minne kuzunguka tundu, mkia wa kijani umesimama wima. Na amefanya haja zote mbili! Nimepiga makofi ya kimya, nimejibanza nyuma ya beseni la kufulia nisimshtue.

Nikamwita Baba aje aone. Akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Akatazama mpaka Meneja akaruka chini na kupita katikati ya miguu yake.

“Ameweza,” akasema. Sauti ndogo. Akarudi chumbani kwake, akafunga.

Jumatatu, 10 Machi

Sielewi. Asubuhi namwona kwa macho yangu anatumia choo vizuri kuliko baadhi ya wateja wetu. Jioni nakuta dimbwi koridoni. Jana mawili. Na leo shuka la Baba, kasema Meneja alimpandia kitandani akiwa amelala mchana.

Nimempiga tena. Sasa akinisikia nafungua mlango anakimbilia chini ya kabati. Nimelala kifudifudi sakafuni nikimbembeleza kwa kipande cha samaki, naona macho mawili tu. Nimempiga mpaka ananiogopa, halafu namwambia njoo!

Kazini nimeuliza. Wanasema labda ni kisasi, paka ana kinyongo. Kinyongo cha nini? Nilimwokoa na sumu.

Ijumaa, 14 Machi

Umeme umekatika, mashine ya kuchanganya ikazima, bosi katurudisha nyumbani mapema.

Nimeingia kimya. Si kwa makusudi. Nilivaa raba, na mlango tulishautia mafuta.

Baba alikuwa amepiga magoti koridoni. Kanipa mgongo. Suruali imelowa mpaka magotini, miguu mitupu. Mbele yake dimbwi. Ameshika lile beseni la zamani la Meneja, anachota unga wa mbao kwa kiganja, ananyunyiza. Taratibu. Halafu akachimba pembeni kwa vidole, mchimbo mfupi mfupi, kama anavyochimba paka.

Kwa vidole vyake.

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Meneja amelala kitandani kwangu, tumbo juu.

Baba alikuwa mkaguzi wa magari. Madereva walikuwa wanazima sigara wakimwona. Alikuwa anapiga magoti chini ya lori na shati jeupe, anatoka na shati jeupe, anasema neno moja, “Linavuja,” na lori linarudi lilikotoka. Mabishano hakuna. Nilikuwa namsubiri kwenye benchi na sare za shule, naona fahari mpaka nywele zinasimama.

Nikarudi nyuma. Hatua kwa hatua, nje, nikavuta mlango. Nikaenda kusimama kwenye ukuta wa jirani. Mama jirani akauliza kama naumwa. Nikasema jua.

Nimerudi naimba, natikisa funguo, nagonga viatu. Baba yuko sebuleni, suruali nyingine, gazeti mkononi. “Meneja wako tena,” akasema.

Nami nikasimama koridoni nikamgombeza paka ambaye hata hakuwepo. Kwa sauti! Wewe Meneja! Huna haya! Umekula umeshiba halafu unatufanyia hivi! Subiri nikukamate! Nilifoka mpaka koo likakwaruza. Nikachungulia sebuleni kwa pembe ya jicho, nikaona mabega ya Baba yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Nimefuta. Nimeosha mikono. Nimekaa bafuni nautazama ule ubao. Mtu mwenye haja, mwenye vidole vile, anaanza kunyanyua mbao na bakuli! Atawahi wapi? Kabla ya ubao lilikuwa dimbwi moja moja. Nimemzibia Baba choo chake mwenyewe nikampa paka. Na ndiyo maana siku ile ya kwanza alimkubali paka haraka vile, alipata wa kumsingizia.

Meneja katoka kunitafuta. Kasimama mbali.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeuondoa. Baba kauliza kwa nini, si ameshaweza? Nikasema anateleza, Baba, siku moja atatumbukia humo. Akasema, “Basi ondoa.”

Nimemleta fundi bomba atie chuma ukutani, karibu na choo, cha kushikia. Nimemwambia Baba ni cha taulo. Akakigonga kwa kucha, akakivuta. “Taulo gani linataka chuma cha lori?” Hatukucheka.

Halafu nikajaribu. Nikasema kuna mzee kazini, ana shida ya mkojo, haumsubiri, alikuwa anaona aibu lakini alipokwenda hospitali ikawa ni tezi dume, kapewa dawa, sasa mzima. Hakuna mzee kama huyo. Kazini mkubwa kuliko wote ni mimi.

Baba akafungua ukurasa wa pili wa gazeti. “Afadhali yake,” akasema.

Meneja hajakubali kushushwa cheo. Beseni halitaki. Anapanda ukingo wa choo hivyo hivyo, bila ubao, anatetemeka, anafanya. Huyo kweli nimemfundisha.

Jumapili, 23 Machi

Siwezi kuandika vizuri. Niandike tu.

Kaka na wifi wamekuja bila taarifa. Walikuwa wanapita, wanasema. Nilikuwa jikoni. Nikasikia wanasalimiana, Baba anacheka cheka, Kaka anasogeza kiti. Halafu kiti kikakwaruza kwa haraka. Nimetoka na kisu cha kitunguu mkononi. Kaka amesimama, anajishika suruali nyuma. Alikuwa amekalia kiti cha Mama.

“Nini hiki?”

Baba anatazama dirishani. “Paka,” akasema.

Kaka akanigeukia mimi. Mdogo wangu, umetoa mnyama stoo, umemleta amkojolee Baba ndani ya nyumba yake? Mtu mzima mwenye heshima zake anakaa kwenye mkojo? Wifi alikuwa ameinama kwenye kiti. Wifi ana pua. Tena amefanya kazi wodi ya wazee kabla ya kuolewa. Akainua kichwa, akasema pole pole, “Lakini harufu hii si ya paka.”

Redio ilikuwa inaongea peke yake. Mkono wa Baba juu ya goti, unatetemeka, akauwekea mkono mwingine juu.

Nikasema, “Ni ya paka, wifi. Mimi ndiye ninayefuta kila siku. Naijua.”

Wifi akanitazama sana.

“Basi paka anaondoka leo,” Kaka kasema.

Nilikuwa na nafasi. Ningesema kaka, njoo jikoni, nikueleze. Angeelewa. Na kabla jua halijazama nguo za Baba zingekuwa ndani ya gari. Nilimtazama Baba. Baba hakunitazama.

Nimeshika katoni mwenyewe. Meneja aliingia bila fujo, alidhani tunarudi stoo. Kaka akalifunga kwa utepe wa gundi. Wakati analitoa mlangoni Baba akasema, “Mmemtobolea matundu?” Hakuna aliyekuwa amefikiria. Baba akanyanyuka, akachukua kalamu kwenye mfuko wa shati, akatoboa. Upande huu, upande ule, juu. Kalamu inateleza. Akamaliza, akarudi kukaa.

Kaka kasema atamwacha soko la samaki, atashiba kuliko hapa. Mlangoni wifi kanishika mkono kwa nguvu. “Utambebea Baba mzigo huu mpaka lini?” Nikamwambia safari njema.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepitia soko la samaki baada ya kazi. Nimezunguka meza zote, naita Meneja, Meneja. Mchuuzi mmoja akauliza meneja yupi, wa soko? Keshaondoka na gari lake. Wakacheka wote. Paka wapo wengi. Mwenye mkia wa kijani hakuna.

Nyumbani kukavu. Baba kauliza nimechelewa wapi. Nikasema foleni.

Alhamisi, 27 Machi

Godoro.

Nimeingia kumtandikia, amesimama mbele ya kitanda kama askari mlangoni. Kasema paa linavuja.

Hakujanyesha tangu mwezi uliopita. Nikainua macho. Yeye pia akainua. Tumesimama wote wawili tunatazama dari, jeupe, kavu, hata buibui hamna. Nikasema ndiyo, Baba, nitamwita fundi. Akasema mafundi wa siku hizi hawajui kazi. Nikasema kweli.

Nimelitoa godoro juani.

Jumatatu, 31 Machi

Kaka jana kwenye simu: nyumba imekauka? Nikasema imekauka. “Unaona!” Kafurahi kweli, si mtu mbaya. Anasema watakuja Jumamosi, walale, wakae na Baba vizuri. Wifi akaomba kuongea na Baba. Baba akaashiria kwa mkono, amelala.

Kuna jambo jingine. Hanywi. Chai inapoa na ngozi juu. Glasi ya maji niliyomwachia asubuhi naikuta pale pale jioni. Midomo imepasuka. Nimemwambia kunywa, Baba, akasema ameshakunywa. Nimemwambia twende hospitali, waziwazi, bila mzee wa kazini. Akasema haumwi. Nikasema Baba, mimi najua. Nilishasema! Limetoka! Akauliza najua nini. Akanikazia macho yale ya chini ya lori.

Nikasema, najua huna kiu.

Alhamisi, 3 Aprili

Kadondoka akitoka kitandani. Hakuumia. Alikuwa mwepesi nilipomnyanyua, nimeogopa. Nimeomba ruhusa kazini mpaka wiki ijayo, bosi kanuna. Anune. Leo nimemnywesha maji kwa kijiko. Kafumba macho lakini kafungua mdomo.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika nimekaa sakafuni koridoni. Daftari juu ya goti, mikono inataka kazi, bora ishike kalamu.

Asubuhi alikunywa chai nzima. Mwenyewe! Na mkate. Nikafurahi kama mjinga. Akavaa lile shati lake jeupe, kwa sababu wageni wanakuja, nikamkata kucha. Alikuwa anaeleza habari za lori moja lililokuja kukaguliwa likiwa na kuku mia ndani ya kabini, tukacheka. Halafu akanyamaza katikati ya neno. Akasimama haraka. Akashika ukuta, akafika bafuni, akafunga kwa komeo. Sakafuni nimefuta alikopita.

Muda mrefu sasa. Bomba linatoka maji, linazimwa, linatoka tena. Nimegonga. Baba? Hakuna. Baba, uko sawa? Nasikia nguo inafikichwa kwenye sinki, na kupumua.

Gari limesimama nje. Ni wao, naijua injini yake. Wamewahi.

Kaka anapiga honi, geti nimelifunga kwa ndani.

Maji yamezimwa. Kaongea, mdomo uko karibu kabisa na mlango.

“Wewe upo hapo?”

“Nipo, Baba.”

“Peke yako?”

“Peke yangu.”

Honi tena, ndefu. Wifi anaita jina langu kwa juu ya ukuta, anauliza kama kuna watu humu. Ndani komeo linaguswa, linaachwa.

“Niletee suruali,” Baba kasema. “Ile ya kijivu. Na kitambaa cha kufutia.” Halafu, taratibu zaidi, “Sitaweza kuivaa mwenyewe.”

Simu inalia mfukoni. Kaka. Naiacha ilie. Naweka kalamu, nanyanyuka kutafuta suruali, geti lisubiri, komeo ndilo hilo linafunguka.